Nyongeza ya Gurmit Singh

Gurmit Singh Bhamra hakuwahi kumrudishia mteja kitu kikiwa kimebonyea. Hilo alilitangaza kama wengine wanavyotangaza dini. Gereji yake iko Southall, magharibi ya London, nyuma ya maduka ya dhahabu na vitambaa, kabla hujafika ukuta wa reli, na kwa miaka yote aliyokaa hapo hakuweka kibao mlangoni. Kibao ni gharama, alikuwa akisema. Mdomo wa mteja aliyeridhika ni bure.

Ufundi aliupata Nairobi, barabara ya Grogan, ambako baba yake mdogo alikuwa na kibanda cha kunyoosha mabodi ya magari. Pale alijifunza mambo mawili. La kwanza ni kusoma chuma kwa kiganja: unafumba macho, unapitisha mkono juu ya bati, na mkono unakuambia pigo liliingilia wapi na likaishia wapi, ili nawe ulirudishe kwa njia ileile. La pili ni nyongeza. Mteja wa Nairobi akishapatana bei, akishalalamika, akishaondoka na kuitwa arudi, hajamaliza mpaka aulize: na nyongeza? Muuza nyanya anatupia moja juu ya fungu. Muuza maziwa anamimina kidogo baada ya kipimo kujaa. Fundi wa bodi naye ana yake: umeleta mlango, anakugusia na bampa.

Mtu mwerevu hapati hasara kwa nyongeza, maana huichagua mwenyewe, na huchagua kitu kinachomtoa jasho kidogo ila kikaonekana kikubwa. Wazungu wa London hawaijui. Wanalipa, wanashukuru, wanakwenda zao. Gurmit aliwapenda kwa kulipa, lakini moyoni aliwaona kama watu wanaokula wali mkavu na mchuzi uko pale mezani.

Ndiyo maana alimfurahia Jane Kemunto tangu siku ya kwanza. Jane ni mwanamke wa Kisii anayetunza wazee majumbani kwao, upande wa Hanwell, na Jumamosi huja Southall kutafuta unga wa mahindi. Siku hiyo alimkuta mzee mwenye kilemba akimwambia mwenye duka, kwa Kiswahili cha Nairobi kisicho na kasoro, kwamba embe zake zimechoka kuliko yeye aliyezaliwa kabla ya uhuru. Jane akacheka kwa sauti. Mzee akageuka, akamuuliza anacheka nini, kwani yeye ndiye aliyezichuma. Tangu hapo wakawa watu wa nyumbani: yeye Mzee Singh, na Jane, ingawa angeweza kuwa binti yake, akawa mama.

Asubuhi moja ya Machi Jane alifika gereji akiburuta kikapu cha sokoni chenye magurudumu, na ndani ya kikapu, kimeviringishwa kwenye taulo, mlikuwa na kifuniko cha shaba. Kilikuwa mviringo, kipana kama sinia la kuandalia pilau, kizito kiasi kwamba magurudumu ya kikapu yalikuwa yamepinda. Pembeni kilikuwa na bawaba nene, na pini ya chuma ya bawaba hiyo ilikuwa imeota kutu ikawa kitu kimoja na shaba. Upande mmoja kilikuwa kimebonyea vibaya, kama kofia iliyokaliwa.

Jane alieleza kwamba ni cha mzee wake, Jeff, Mwingereza ambaye yeye Jane humwogesha na kumpikia. Kilitoka kwenye nyambizi ya kivita ya zamani sana, zile za mwanzo kabisa, alizofanyia kazi babu yake huyo Jeff. Bawaba imekwama, na mzee anataka ilegee ili kifuniko kiweze kukaa wazi jinsi kilivyokuwa kikikaa kwenye chombo. Kazi yenyewe ni hiyo tu.

Kazi ilikuwa ndogo, kwa hiyo Gurmit akataja bei kubwa. Jane akamwuliza kama ananunua nyambizi nzima. Gurmit akasema shaba ya zamani ni kaidi, inataka subira, na subira ya mzee wa miaka yake haina bei ya kutupa. Jane akafunga taulo, akashika mkono wa kikapu, akafika hata mlangoni. Akaitwa. Wakapatana katikati, pale ambapo wote wawili walipajua tangu mwanzo, na kila mmoja akalalamika kwamba ameibiwa.

"Na nyongeza je, Mzee Singh?" Jane akasema. "Kuna mgeni anakuja kukiangalia. Mtu wa makumbusho. Usinitie aibu."

"Wewe nenda kazini kwako, mama," Gurmit akamjibu. "Mgeni atajiona uso wake humo."

Maneno yenyewe ndiyo hayo, hayakuzidi. Jane aliyasema kwa sababu kwao mgeni akija hata sufuria ya nje husuguliwa kwa mchanga, na Gurmit aliyajibu kwa sababu aliombwa nyongeza na mtu anayejua kuiomba, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea kwa muda mrefu.

Bawaba ilimchukua muda mfupi: mafuta, moto kidogo, pigo moja la pembeni, pini ikatoka. Kisha akakilaza kifuniko juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya mbonyeo.

Hakuwa amekutana na pigo la namna ile siku nyingi. Magari ya siku hizi ni karatasi. Ukiligonga gari linakunjika, kampuni ya bima inalitupa. Hili lilikuwa pigo la kitu kikubwa kilichokuja polepole na kisichoweza kusimama. Liliingilia nyuma, upande wa kushoto wa bawaba, likakandamiza kwenda mbele, likafifia. Katikati ya bonde kulikuwa na mkwaruzo mrefu wenye rangi nyeusi iliyoganda kama lami. Gurmit alidhani ni lami kweli, uchafu wa stoo, akaanza nayo hiyo kwa msasa.

Rupinder, mkewe, alimletea chai, akamkuta akipasha shaba moto huku akipiga mluzi. Rupinder ni mzaliwa wa Nakuru na hana maneno mengi. Alimuuliza nani amemwomba kunyoosha kitu hicho. Gurmit akamwambia kwamba angeombwa ingekuwa kazi. Hii ni nyongeza.

Alikipiga kwa nyundo ya mti, kutoka ndani, kidogo kidogo, akifuata njia ya pigo kinyumenyume, mwisho wake ukiwa mwanzo wake yeye. Shaba iliitika. Alipomaliza aliipaka dawa, akaisugua kwa kitambaa mpaka taa ya dari ikaonekana ndani yake na waya wake. Ungeitafuta alama ya nyundo usingeiona. Ilikuwa kazi bora kuliko yoyote aliyoifanya London, na alijua, na alikaa kwenye kiti akiitazama muda ambao kwa kawaida hampi mtu asiyelipa.

Jane alipokuja kukichukua alipiga makofi. Alisema hata harusini kingepelekwa. Akakiviringisha kwenye taulo jipya, akaondoka nacho akisukuma badala ya kuburuta, kama mwenye mtoto kwenye kigari.

Alirudi kesho yake na hakupiga hodi. Kikapu kilikuwa kilekile, na taulo lilelile, ila uso ulikuwa mwingine. Alikaa juu ya tairi na kusimulia, na Gurmit akamwacha asimulie bila kumkatiza, kwa kuwa mtu akikaa juu ya tairi chafu na nguo za kazi, habari si njema.

Jeff alikipokea kwa mikono miwili na kukilaza mapajani. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo alikipapasa. Akakizungusha. Akakizungusha mara ya pili. Kisha akamuuliza Jane, kwa upole kabisa, kama amekuja na kile chenyewe au amechukua kingine kwa makosa. Jane akamwambia ni chenyewe, kimetengenezwa. Jeff akaendelea kupapasa palepale, upande wa kushoto wa bawaba, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba iliyohamishwa ukuta.

Ndipo Jane akasikiliza kwa mara ya kwanza hadithi aliyokuwa akisimuliwa tangu aanze kazi kwa Jeff. Alikiri mwenyewe: hadithi za wazee unaowaogesha ni kama redio jikoni, unaitikia huku unasugua mgongo. Babu yake Jeff alikuwa mshika usukani wa nyambizi hiyo. Chombo kilikuwa kikienda juu ya maji, yeye yuko juu kwenye mnara mdogo akiendesha, wenzake wako chini. Meli ya mizigo ikawapanda. Yeye alirushwa baharini akaokolewa. Walio chini walizama wote. Baraza la uchunguzi likasema mshika usukani alikata mbele ya meli, kosa ni lake. Yeye akasema hapana, meli ilikuja kutoka nyuma, kushoto, naye hakuwa amegeuza kitu. Nani angemwamini? Mashahidi wake walikuwa chini ya maji.

Baadaye nyambizi ilipoinuliwa na kuvunjwa, rafiki yake mmoja wa huko bandarini alimletea kifuniko cha mnara. Kilikuwa na bonde la ile meli na rangi ya ile meli. Akamwambia akitunze, kwani ipo siku mtu atataka kujua. Mzee yule alikitunza mpaka akafa, na hakuna aliyetaka kujua. Mwanawe alikificha kwa haya. Jeff ndiye aliyekitoa, na hatimaye akapatikana mtu: Natasha, mwanamke wa makumbusho madogo ya mabaharia, anayeandika habari za ajali hiyo. Alisikia kuna kifuniko akaomba akione kwa macho yake kikiwa kwenye bawaba yake, ajue kushoto ni wapi. Angekuja keshokutwa.

Gurmit akauliza kama hakuna picha. Jane akatoa simu. Picha aliyopiga kumwonyesha fundi ilikuwa ya bawaba. Sehemu ya mbonyeo ilikuwa mwanga mweupe wa taa ya simu, basi.

"Wewe ndiye uliyelitoa lile bonde, Mzee Singh," Jane akasema. "Lirudishe. Unajua lilikaaje. Yule mzee haoni, na yule mama hajawahi kulitazama. Nani atajua?"

Gurmit hakushtushwa na wazo; lilikuwa limekwisha kumjia kabla Jane hajafungua mdomo. Angeweza. Kiganja chake kilikuwa bado na lile bonde, kina chake na mwelekeo wake. Rangi nyeusi si tatizo, stoo ilikuwa na makopo. Maisha yake yote alikuwa amelipwa ili magari yaliyogongwa yasiseme yaligongwaje, na hakuona ubaya, kwa sababu mwenye gari ndiye mwenye siri. Lakini hapa angekuwa anakifundisha kifuniko kusema. Na kitu kilichofundishwa kusema, akitokea mtu mmoja tu anayejua kusoma chuma, kinaumbuka; na kikiumbuka, watu watasema ukoo ule ulighushi, na babu yule atakuwa mwongo mara ya pili, safari hii bila hata kufungua mdomo. Hiyo ilikuwa hesabu mbaya kwa upande wowote ungeipiga.

Alichukua nyundo, akaigeuza mkononi, akaitundika mahali pake.

"Twende kwake," akasema. "Ukienda kusema peke yako utafukuzwa kazi. Tukienda wawili nitafukuzwa mimi, nami sina kazi pale."

Walipanda treni kituo kimoja, kikapu katikati yao. Gurmit alikuwa amevaa koti alilolinunua kwa ajili ya mazishi ya kaka yake.

Jeff alikuwa mtu mrefu aliyekunjika kitini, blanketi magotini, uso umeelekea dirishani kulikokuwa na mwanga. Gurmit alimwambia kila kitu akiwa amesimama: kwamba hakuna aliyemwambia anyooshe, kwamba Jane aliomba nyongeza na yeye ndiye aliyechagua ipi, na kwamba rangi aliiona na kuidhani uchafu. Akajaribu kumweleza nyongeza ni nini. Kwa Kiingereza ilisikika upuuzi mtupu, kitu cha bure ambacho hakuna aliyekihitaji.

Jeff alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama bonde lilitoka kwa shida.

"Hapana," Gurmit akasema. "Lilitoka vizuri."

"Nilipokuwa mdogo lilikuwa linameza ngumi yangu yote," Jeff akasema. Mkono wake ukaenda tena kwenye shaba, ambayo Jane alikuwa amemlazia mapajani. "Unaweza kulirudisha?"

Jane alimtazama Gurmit. Hapo ndipo palikuwa rahisi kuliko kote, maana sasa mwenye mali ndiye aliyeomba, na mwenye mali ndiye mwenye siri.

"Naweza kukutengenezea linalofanana nalo," Gurmit akasema. "Lakini litakuwa langu. Halitakuwa la ile meli."

Jeff alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetajiwa bei asiyoweza kuifikia na haoni sababu ya kubishana. Akasema basi, kiache kilivyo. Kisha akamwomba Jane awashe maji ya chai, na akamkaribisha Gurmit kiti, na hilo la kukaribishwa kiti Gurmit aliliona zito kuliko matusi. Matusi angeyajibu.

Natasha alipokuja, Gurmit alikuwapo tena, kwa hiari yake. Alikuwa mwanamke makini asiyeahidi asichonacho. Alikitazama kifuniko kwa taa na kwa kioo cha kukuza, nje na ndani, akauliza maswali ya maana. Gurmit alimweleza pigo liliingilia wapi na likaelekea wapi, nyuma kushoto kwenda mbele, akamwonyesha kwa kiganja hewani. Natasha alimsikiliza hadi mwisho. Akasema anamwamini. Kisha akasema kumwamini hakusaidii: fundi aliyekutana na kifuniko mara moja, akaambiwa hadithi ya familia, halafu akakumbuka jambo linalokubaliana na hadithi hiyo, ni neno dhidi ya neno, na neno la baraza liliandikwa ajali ikiwa mbichi. Chuma kingeongea chenyewe. Sasa chuma kiko kimya.

Hakusema kwa ukali. Gurmit, aliyepatana bei na watu wa kila namna, alijua sauti ya mtu aliyefika bei yake ya mwisho, na hakujaribu kumvuta.

Jeff aliwapa makumbusho kifuniko, kwani nyumbani, alisema, mkono wake ulikuwa unakwenda mahali pasipo na kitu. Hakuishi kuiona baridi iliyofuata. Jane alikwenda mazishini. Gurmit alituma maua, akachagua mwenyewe na hakupatana bei, na mwenye duka akamwangalia mara mbili akidhani mzee anaumwa.

Mwaka uliofuata Rupinder alisema wakione kitu hicho kilicholeta maneno mengi. Walikwenda Jumapili, mabasi mawili. Makumbusho yalikuwa vyumba vichache vyenye harufu ya mbao na mafuta ya kitani. Kifuniko kilikuwa ndani ya kabati la kioo, kimewekwa wazi juu ya bawaba yake, na bawaba ilikuwa laini kama ilivyoagizwa. Kibao kilisema ni kifuniko cha mnara wa nyambizi, shaba, mwanzo wa karne ya ishirini. Ajali haikutajwa. Ukutani, mahali pengine, palikuwa na maelezo mafupi ya ajali yenyewe, na humo mshika usukani alikuwa bado amekata mbele ya meli.

Mtoto mmoja wa kike alikuwa amesimama mbele ya kabati akitoa ulimi, akijitazama kwenye shaba. Mama yake alimvuta, naye Rupinder akasogea akajitazama vilevile, akaweka sawa mtandio wake wa dupatta.

"Imetoka vizuri," akasema, na mara akaonekana kama angetaka kulirudisha neno hilo.

Gurmit alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, upande wa kushoto wa bawaba. Mlinzi akamwomba kwa adabu asiguse kabati. Akakiondoa.

Siku hizi ukimpelekea kitu Southall atakuuliza swali ambalo hakuna fundi wa bodi duniani anayeliuliza. Atakuonyesha mbonyeo kwa kidole na kusema: na hili nalo, unataka litoke? Watu wanacheka. Wengine wanaona uzee umemwingia na wanapeleka magari yao kwingine. Yeye anangoja jibu, na asipolipata hashiki nyundo.

Majuzi Jane alimletea gari lake dogo, amelinunua kwa ajili ya shifti za mbali, na tayari alikuwa amelikwaruza kwenye nguzo. Gurmit akamuuliza lile swali, Jane akasema ndiyo, litoke. Bei ikatajwa, ikakataliwa kwa dharau, Jane akaondoka hadi mlangoni, akaitwa, wakapatana katikati. Kisha ikafika ile nafasi ambayo kila anayejua kununua anaijua, pale kazi inapokwisha kukubaliwa na bado kuna neno moja. Jane alifungua mdomo. Akaufunga.

Gurmit alijishughulisha na kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, ambacho kilikuwa begani mwake.

"Njoo Alhamisi, mama," akasema.